Shuka Lililofumuliwa

Machi 2

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Na hicho kifua, kimeacha kukohoa? Sisi huku wazima, ukiacha magoti yangu ambayo siku hizi yananung'unika kabla hata sijainuka. Simu nimemwachia Chiriku. Sikio langu la kushoto limeshastaafu na la kulia linasikia linachotaka, kwa hiyo vumilia barua.

Habari yenyewe ni ya furaha. Chiriku, yule yule mwanangu uliyesema atazungumza mpaka mchumba akimbie, amepata mchumba ambaye hakukimbia. Harusi ni mwisho wa Mei. Upande wa bwana harusi ni watu wa kujiweza. Mama yake ana duka kubwa la mapazia, na akikutazama unahisi anakagua kama umeshonwa sawa. Mimi namwita Mama Mapazia, lakini usije ukaropoka mbele za watu.

Ndani ya kifurushi hiki kuna shuka la mama. Unajua utaratibu wa nyumba yetu: bibi harusi hakai mpaka kiti kitandikwe shuka hilo. Mama alilikalia, shangazi akalikalia, nami nikalikalia huku nimebanwa na viatu. Sasa ukingo umeanza kuchanika. Ningelishona mwenyewe, lakini baada ya miaka yote ile ya kushona sare za shule, macho yangu yanaona matundu mawili kwenye sindano moja na uzi hauingii hata kwenye mojawapo.

Wewe una macho na una mkono. Nyoosha ukingo, kunja pindo jipya, basi. Usitie maua, usitie rangi, usianze mambo yako. Nakujua. Mara ulikuwa mchoraji, mara mfinyanzi, mara ukanunua ule mtambo wa kufumia uliojaza sebule mpaka wageni tukala tumesimama. Sikusemi vibaya, nasema pindo tu.

Na ufanye kama nilivyokufundisha ulipokuwa unalala chini ya cherehani yangu. Usikate kwa macho. Vuta uzi mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, kisha pitisha mkasi kwenye njia uliyoiacha uzi huo.

Dada yako


Aprili 6

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu na Chiriku anakuacha ulale. Mimi sijambo, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Kazini ni yale yale, mashuka ya hospitali yanaingia machafu yanatoka safi, na sisi madobi tunatoka tumeloa.

Kifurushi kilifika salama. Nimefurahi sana kwa Chiriku. Pindo linaendelea.

Mdogo wako


Aprili 29

Mdogo wangu,

Salamu za haraka, maana huku nyumba imepinduka miguu juu. U mzima? Mimi mzima, ila nimepungua kwa mawazo, na gauni nililojishonea sasa linanipwaya.

Pindo gani hilo linaendelea kama ujenzi wa barabara? Mimi ningelikunja huku chai ikichemka. Au umeumwa ukanificha? Kama ni mashine imeharibika, shona kwa mkono. Kama ni uvivu, sema. Ninachoomba shuka liwe hapa wiki mbili kabla ya harusi, nilifue na kulipiga pasi mwenyewe. Mama Mapazia ameshauliza kiti kitapambwa na nini, nami nimejigamba kwamba tunacho kitu cha ukoo.

Dada yako


Mei 8

Dada yangu,

Shikamoo, na sithubutu kuuliza hali yako maana najua nitakavyoiacha ukimaliza kusoma.

Shuka la mama nimeliharibu.

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Nikavuta uzi mmoja, ukatoka wote bila kukatika, ukaacha kijia chembamba kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaliinua shuka dirishani nione kama kijia kimenyooka, na mwanga ukapita. Nikavuta uzi wa pili kwa kisingizio kwamba wa kwanza haukunyooka. Wa tatu sikuwa na kisingizio.

Pale katikati, walipokaa mabibi harusi wote, pamba imechakaa imekuwa laini. Nikawa nafuata huo uchakavu. Nyuzi za mlalo nikazitoa, za wima nikaziacha zimesimama peke yake, na pale zilipotaka kulala nikazifunga vifungu vifungu kwa sindano. Kila nikitoka kazini nilikuwa nakimbilia nyumbani. Nilijiambia leo nakunja pindo. Sikukunja hata kidogo.

Dada, unakumbuka yule mwalimu wa uchoraji aliyesema picha zangu ni kama soko siku ya mvua? Alisema kweli. Kwenye udongo nilikuwa nabandika na kubandika mpaka chungu kinapasuka motoni. Kwenye mtambo nilifuma mazulia mazito hata kuyakunja nilihitaji msaada. Nikajaribu kudarizi, ukaniambia mto wangu una maua mengi hata kichwa hakina pa kulala. Nimeongeza, nimeongeza, nikidhani kazi ya mkono ni hiyo. Kumbe mkono wangu ni wa kutoa. Nina miaka hamsini na saba na ndiyo kwanza nalijua hilo, tena nimelijulia kwenye kitu ambacho si changu.

Nakuonea aibu. Lakini iko aibu mbaya zaidi, na hiyo naomba unisikilize bila kunikatiza. Nikilitazama shuka lile sijuti. Nafurahi. Nikilikunja tu na kuliweka kabatini, ndipo najiona mtu wa hovyo kabisa. Halafu nakumbuka kwamba sikuwahi kulikalia, najiuliza kama ni wivu ulionisukuma. Nimejichunguza, na sipendi ninachokiona.

Nimekuta dukani shuka jeupe la pamba linalofanana nalo. Nililete hilo? Mtu hatajua.

Mdogo wako


Mei 13

Wewe,

Salamu sina. Afya yangu usiulize.

Nimekulea toka mama alipofariki ukiwa hujui kufunga vifungo. Nimekuogesha udongo kwenye nywele na rangi kwenye masikio. Nikitukanwa kwamba mdogo wako hana kazi, anachezea vitambaa, nilikuwa nasema muacheni, atapata njia yake. Ndiyo njia yenyewe hii? Nilikupa kitu kimoja. Kimoja! Mwanangu atakalia nini, wavu?

Na hilo la dukani umpe nani? Nimdanganye mama yangu kaburini?

Lete shuka hilo hilo. Lilete kama lilivyo, na uje nalo mwenyewe, usimame ukumbini watu wakutazame. Nimemaliza.

Dada yako, kwa sasa


Mei 20

Dada yangu,

Shuka liko humu ndani. Nimelifua kwa maji baridi na kulianika kivulini. Usilipige pasi ya moto.

Mimi siwezi kuja. Nimejaribu kujiona nimesimama ukumbini, na miguu inakataa hata hapa chumbani. Mbusu Chiriku. Mwambie mama yake mdogo anampenda na ameumwa. Hilo la kuumwa si uongo sana.

Mdogo wako


Julai 17

Mdogo wangu,

Hujambo? Nauliza kwa kweli, si kwa mazoea. Umenyamaza, nami nimenyamaza. Kila nikikaa kukuandikia nakumbuka nguo ya kuanua. Leo hakuna nguo kwenye kamba, kwa hiyo nakuandikia.

Harusi ilipita vizuri. Chiriku alipendeza na alinyamaza muda wote wa kiapo, watu wakashangaa. Sasa nikueleze la shuka.

Nililitandika mwenyewe alfajiri, nimekasirika, silitazami. Nilishajiandaa, mtu akiuliza niseme panya. Kiti kilikuwa kimeyapa mgongo yale madirisha makubwa. Jua lilipopanda nikasikia ukumbi umetulia, nikageuka. Mdogo wangu, usinilazimishe kueleza. Nilishona maisha yangu yote na sijawahi kuona kitambaa kinafanya vile. Nilikaa chini kwenye kiti cha mtu.

Mama Mapazia akaja, akavaa miwani, akashika pembe ya shuka kwa vidole viwili. Akaniuliza taratibu, "Nani kafanya kazi hii?" Nilidhani ananidhihaki. Nikamtazama usoni, nikaona macho yana maji. Mwanamke yule! Ambaye hajawahi hata kusifu chai yangu!

Nikasema, "Mimi."

Sijui lilitokaje. Lilikuwa limeshafika kwake kabla mimi sijalisikia. Akanikumbatia. Wakaja na wengine, wananishika mikono hii, wanasema kumbe mshona sare naye ana mambo. Nami nikawa nasema aa, kawaida tu, kawaida tu. Kawaida! Wewe umejificha huko unalia, na mimi huku nakula sifa zako na pilau la watu.

Sasa ameomba nimfanyie jingine. Nimechukua shuka la kitandani kwangu nikajaribu. Limetoka kama limetafunwa na mbuzi. Kila siku ananiulizia, nami kila siku nasema macho, macho. Mtu mzima mimi, mwizi wa sifa za mdogo wangu, na bado nilikuandikia barua ile ya Mei. Nimeona haya hata kukuomba radhi, maana nitaonekana naomba kwa sababu nimebanwa.

Ukisema niende nikamwambie ukweli, nitakwenda. Ila ujue huyu hasamehei uongo. Alimfukuza fundi wake wa siku nyingi kwa kudanganya kuhusu pindo moja la pazia. Na Chiriku ndiyo kwanza ameingia katika nyumba ile. Niambie nifanye nini.

Dada yako


Julai 25

Dada yangu,

Shikamoo dada, shikamoo tena. Mimi mzima, na kikohozi kimekwisha. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye lango la kazini, nikacheka mpaka mlinzi akauliza kuna nini. Kisha nikaenda chooni nikalia kidogo, halafu nikaendelea na kazi.

Usiende popote. Iache iwe yako. Nasema kwa moyo safi, na nitakwambia sababu ili usidhani nakuhurumia. Nina nafuu. Tangu msichana, kila nilichotengeneza nilikuwa nakionyesha huku nimeshakiombea msamaha. Watu wakiniuliza nafanya nini, nasema nafua, nakomea hapo. Sasa kazi yangu inatazamwa na mimi sitazamwi. Ningetaka nini zaidi?

Pia iko fidia. Nilichukua shuka, wewe ukachukua jina.

Hospitalini yapo mashuka yaliyochakaa, yanakatwa vitambaa vya kudekia. Nimemwomba msimamizi, amenipa, ananiona nina kichaa cha kistaarabu. Nimeshafumua moja. Liko humu. Mpe Mama Mapazia, useme macho yamepata nafuu.

Mdogo wako


Oktoba 3

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi hali yangu si nzuri wala si mbaya, nimekonda kwa kusifiwa.

Yale mashuka uliyoleta yote yamepokelewa kama wageni wa heshima. Sasa Mama Mapazia amesafisha chumba cha juu ya duka lake, ameyatundika huko pamoja na la mama aliloazima kwa Chiriku. Jumamosi ijayo anawaita watu waje waone. Ameandika jina langu kwenye ukuta wa nje kwa herufi kubwa, za dhahabu. Nililiona jana, nikageuka nikarudi nyumbani.

Siwezi kwenda. Wataniuliza maswali. Mtu akiniuliza nyuzi zinafungwaje mimi nitajibu nini, kwamba niulizeni kola za sare? Nimemwambia mkwe naumwa, na nimelala kitandani kweli, nimejifunika mpaka kichwani ili uongo uwe nusu. Ameniambia basi nimtume mtu wa ukoo apokee pongezi. Nimemtaja mdogo wangu.

Nakuomba kwa mara ya mwisho. Njoo kwa basi la asubuhi, simama pale, sema dada mgonjwa, anashukuru sana. Kula, ondoka. Hakuna atakayekuuliza kitu, wewe si ndiye yule anayefua?

Samahani kwa sentensi hiyo. Nimeiandika nikaiona, na wino haufutiki.

Dada yako


Oktoba 12

Dada yangu,

Shikamoo. Najua habari zimekufikia kabla ya barua hii, kwa hiyo sitajifanya kuanza na kikohozi.

Nataka ujue nilikwenda na nia njema. Ile hotuba yako niliikariri kwenye basi mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Nikafika, nikapanda ngazi, nikaingia. Chumba kina madirisha pande mbili. Mashuka yote yametundikwa mbali na ukuta ili mwanga upite. Dada, mimi nimezoea kuyaona moja moja, juu ya magoti yangu, chini ya taa ya chumba changu. Sikuwa nimewahi kuyaona yamesimama. Nikajibanza mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba maji.

Nikasema ya kwako yote. Dada mgonjwa, anashukuru. Watu wakapiga makofi, mkweo akanikaribisha soda. Ningeondoka saa ile ile. Glasi nilishaiweka chini.

Lakini akaanza kuwaeleza wageni. Akasimama mbele ya shuka la mama na kifimbo mkononi, akasema, "Tazameni alivyokuwa jasiri. Anachukua mkasi, anakata matundu haya yote, kisha anashona kingo."

Nikasema, "Hapana."

Sikukusudia. Wakageuka. Nikasema hakuna mkasi, hakuna tundu hata moja lililokatwa hapo, uzi unatolewa mzima, mmoja mmoja, na zilizobaki ni zile zile zilizokuwapo. Akatabasamu, akaniuliza kwa upole kama anaongea na mtoto, "Wewe umejuaje, na mwenzako ndiye fundi?"

Nilijua jibu la kumwokoa mtu. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Dada amenieleza. Maneno matatu hayafiki. Nilikuona umejifunika shuka. Nilimwona Chiriku pale karibu na meza, anatabasamu, hajui kitu. Nikaona na yale mashuka. Nikasema, "Kwa sababu niliyafumua mimi. Yote. Hata hili la mama yetu."

Mkweo akamtazama Chiriku, Chiriku akanitazama mimi. Sikusubiri kingine. Nilishuka ngazi nimeshika ukuta. Basi langu lilipita mtaani kwako, nikainama chini ya kiti mpaka tukavuka kona, kama mtu aliyeiba kuku.

Nimekuaibisha, wewe uliyenilea, mbele ya wakwe, ndani ya nyumba anayoishi mwanao. Tangu jana siwezi kula. Nimekaa hapa naandika nisamehe, nafuta, naandika tena, nafuta. Kwa sababu nikiandika nisamehe nitakuwa nasema natamani nisingesema. Na nisingeweza kutosema, dada. Nimejaribu kulitaka hilo tangu jana, halitaki kuja.

Mdogo wako


Novemba 16

Mdogo wangu,

Sijambo, kama ungeuliza. Magoti ni yale yale.

Mama Mapazia alikuja kwangu jioni ile ile, Chiriku nyuma yake kimya, mara ya pili tangu azaliwe. Alikataa kiti. Nilikuwa bado nimejifunika, na nilivyofunuliwa nikajikuta nimevaa gauni la kutokea, nilikuwa nimelivaa asubuhi nikiwaza labda nitajipa moyo nije. Akaniuliza neno moja, kwa nini. Nikamwambia, kwa sababu ilikuwa nzuri na nilitamani iwe yangu. Nilitafuta jibu jingine lenye heshima kidogo, sikulipata. Akaondoka bila kuaga.

Chiriku hajafukuzwa, usikonde. Mumewe amesimama naye. Ila siku za kwanza mkwe alikuwa anampita kama kabati, na mwanangu alilia huku kwangu, na machozi yale ni yangu mimi niliyesema "mimi" na ni yako pia uliyesema "mimi". Sitaki kukupunguzia. Sokoni natembea nimetazama viazi. Mwenye duka la vifungo ananiuliza siku hizi nafuma nini.

Wiki iliyopita nilikwenda. Sikuingia, nilisimama ng'ambo ya barabara karibu na fundi viatu, nikatazama juu. Jina langu limekwanguliwa, limeandikwa lako. Hawajaweka dhahabu, ni rangi nyeusi ya kawaida. Mashuka yote yapo. Nilisimama mpaka fundi viatu akaniuliza kama namsubiri mtu, nikasema hapana, pale juu kuna kazi ya mdogo wangu. Akaniuliza, "Yupi, huyo aliyemuumbua dada yake?" Nikasema ndiye.

Mkwe anataka kukuona. Amesema kwa Chiriku, hasemi na mimi bado. Anataka ufumue mapazia ya ule ukumbi mkubwa, na anataka akutazame ukifanya. Kubali. Ukikataa kwa ajili yangu, nitakuja huko nikucharaze, na magoti yangu haya haya.

Kuhusu sisi wawili sijui nani aanze kumwomba mwenzake radhi, na nimechoka kupiga hesabu hiyo. Nina hasira nawe. Nina haya juu yangu. Vyote vimekaa mezani pamoja, na nataka nikae navyo bila mtu wa kunipepea.

Kwa hiyo mwezi huu usije kwangu. Njoo mwezi ujao.

Dada yako